Tope la mtambo wa maji limekata harufu ya shimo la kiwanda. Nani anajua linavyofanya kazi?

#1 Mchundo wa Mbagala

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kinachosindika mabaki ya samaki, vichwa na matumbo, kuwa chakula cha kuku, huku Mbagala. Tuna shimo la majitaka ambalo limetugombanisha na majirani miaka mingi. Ukiinua mfuniko jua likiwa kali ni mayai viza matupu. Majirani wameshafika serikali ya mtaa na wana haki yao.

Mwezi wa tatu bosi alipata kibali cha kuchukua tope kavu kwenye mtambo wa maji: yale mabonge ya kahawia yanayobaki baada ya maji ya mto kutiwa shabu na kutuama. Tuliyaponda kwa nyundo hadi ukubwa wa kokoto ndogo, tukachekecha vumbi lote, tukajaza pipa la lita 200. Karibu na kitako cha pipa tumeweka wavu. Bomba la plastiki la inchi nne linatoka shimoni na kuingia chini ya wavu, feni ndogo inasukuma, hewa inapanda katikati ya vibonge na kutokea juu.

Harufu imeshuka kiasi kwamba mlinzi anakula chakula chake palepale karibu. Vibonge vimegeuka vyeusi kuanzia chini, weusi unapanda taratibu, na ukichimbua kwa koleo unaona kabisa ulipofika.

Sasa nauliza. Linafanyaje kazi? Na kama tope linakula gesi hii, kwa nini tusilitumie kwenye mabomba ya moshi ya viwanda vyote vya Dar? Masika ikianza maji ya mto Ruvu yanakuja mazito, tope linazalishwa kwa wingi, halafu halina mwenyewe. Mimi naamini tumekalia dawa.

#2 Pwani Raha

Nimekaa siti ya mbele. Uzi wa maana huu.

#3 Dada wa Maabara

Asante kwa mada. Huo weusi ndio jibu lako.

Gesi ya mayai viza ni hidrojeni salfaidi. Ikikutana na hidroksidi ya chuma, ndugu ya kutu, inazaa salfaidi ya chuma, ambayo ni nyeusi, pamoja na maji. Ruvu unatoka milima ya Uluguru, na ule udongo mwekundu wa kule rangi yake ni oksidi za chuma. Mvua inaushusha mtoni, shabu inaudondosha chini kwenye mtambo, wewe unaukuta kwenye bonge. Kwa hiyo pipa lako ni chujio la chuma.

Wala si jambo jipya. Viwanda vya gesi ya taa vya Uingereza vilikuwa vinasafisha gesi ya makaa ya mawe kwa oksidi ya chuma tangu karne ya 19. Waliitandaza kwenye masanduku makubwa, ikichoka wanaitoa nje ipigwe na hewa, chuma kinarudi kazini na salfa inabaki humo humo. Baada ya mizunguko kadhaa salfa inakuwa nyingi hadi wanawauzia watengenezaji wa asidi ya salfuriki. Leo Uholanzi tope la chuma kutoka mitambo ya maji linauzwa kwa wazalishaji wa bayogesi kwa kazi hiihii.

Tahadhari: tope lililokwisha kuwa jeusi likimwagwa ghafla kwenye hewa linapata joto, na rundo kubwa linaweza kushika moto. Msilimwage karibu na magunia. Lilowesheni, litandazeni tabaka jembamba, mbali na kitu chochote kinachoungua.

#4 Injinia Mstaafu

Dada #3, historia yako ni sahihi, lakini Uholanzi usiwalinganishe na sisi. Wao sehemu kubwa ya lile tope inatoka kwenye maji ya visima yenye chuma asilia. Wanapuliza hewa, chuma kinaganda, wanapata tope ambalo chuma ndicho kitu kikuu. La kwetu la mtoni ni mfinyanzi, majani yaliyooza na hidroksidi ya aluminiamu kutoka kwenye shabu. Chuma kimo, ila ni abiria.

Nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote. Bonge la tope la shabu likikauka lina vitundu vidogo sana ndani, na uso wake ukiujumlisha ni mkubwa mno. Gesi inanaswa kwenye uso huo. Ndiyo maana watafiti wa Ireland walilitumia kunasa fosforasi ya majitaka, na baadaye watu wakalijaribu kwa gesi hii. Weusi unaweza kutoka kwa chuma kidogo tu. Rangi inaonekana kwa urahisi kuliko uzito.

Mleta mada, tope lako ni la masika au la kiangazi? Masika mfinyanzi ni mwingi, kiangazi hidroksidi ina sehemu kubwa zaidi. Haviwezi kufanya kazi sawa.

#5 Mpiga Kasia

"Mlinzi anakula palepale karibu." Huyo mlinzi mumpeleke hospitali, pua imekufa 😂

#6 Dada wa Maabara

#5 umetania lakini umegusa pabaya. Hidrojeni salfaidi pua inainusa hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni. Ikifika kama 100 kwa milioni, pua inazimwa: mtu hasikii harufu tena, anadhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Zikipanda mia kadhaa anaanguka na kufa. Pua ya mlinzi aliyekaa hapo miaka si kipimo. Mchundo, mna kipimo cha gesi cha mkononi? Kama hakuna, karatasi iliyoloweshwa asiteti ya risasi inageuka kahawia hadi nyeusi ikikutana na gesi hii. Weka moja kabla ya pipa na moja baada ya pipa. Risasi ni sumu, vaa glavu.

#7 Mjukuu wa Mabwawani

Nimekulia jirani na mabwawa ya majitaka, haya mambo yananihusu.

Kabla hamjagawana ushindi kati ya chuma na aluminiamu, nina maswali mawili. Pipa lilifanya kazi kwa nguvu siku ileile mlipowasha feni, au lilianza taratibu likazidi kuwa zuri? Na maji yanayodondoka chini ya pipa, mmewahi kuyapima uchachu?

#8 Mchundo wa Mbagala

#4, tope ni la masika iliyopita, lilikuwa limeshakauka juani. #7, mwanzo lilifanya kazi ya wastani. Baada ya wiki kadhaa ndipo tukaona tofauti kubwa. Uchachu hatujapima, ila ule wavu wa chuma umeliwa hadi tumebadilisha na wa plastiki.

Kitu kingine: harufu ya mayai viza ndiyo imepungua. Ile ya samaki ipo vilevile, haijatikisika.

#9 Mjukuu wa Mabwawani

Hapo sasa! Wavu umeliwa, maana yake kuna asidi. Kuna bakteria wanaokula salfaidi na kutoa asidi ya salfuriki. Ndio haohao wanaotafuna zege la mabomba ya majitaka kwa juu, pale yasipofika maji. Wanahitaji unyevu, hewa na mahali pa kushika. Bonge lenye vitundu na uozo wa majani kidogo ni nyumba yao kabisa. Kuanza taratibu kisha kushika kasi ni tabia ya viumbe hai. Madini yangefanya kinyume: nguvu siku ya kwanza, halafu yanachoka.

Ungejaza makumbi ya nazi kwenye pipa hilo ungeona matokeo ya namna hiyohiyo.

#10 Injinia Mstaafu

Hewa ya pwani ya bahari yenyewe inakula wavu, kijana. Njoo Kigamboni uone mabati.

#11 Mjukuu wa Mabwawani

Mzee wangu shikamoo. Bati la Kigamboni linaliwa miaka, huu umeliwa kati ya mwezi wa tatu na sasa.

#12 Mama Nasra

Hiyo ya samaki kubaki nisaidieni, maana nanunua dagaa Feri kila wiki. Kwa nini linachagua?

#13 Dada wa Maabara

Mama Nasra, harufu ya samaki ni ya kundi la amini, ndugu zake amonia. Zenyewe zina tabia ya magadi, wakati hidrojeni salfaidi ina tabia ya asidi dhaifu. Kitu kinachokamata asidi hakikamati magadi. Ndiyo maana ukikamua ndimu kwenye samaki harufu inatulia: asidi ya ndimu imefunga zile amini. Kiwanda kingeweka hatua ya pili, hewa ipitishwe kwenye mvua ya maji yenye asidi kidogo, hiyo ya samaki ingeshuka nayo.

Na hapa namjibu #9: kama pipa lingekuwa na asidi nyingi ya bakteria, tungetegemea amini nazo zikamatwe angalau nusu. Mchundo anasema haijatikisika.

#14 Mjukuu wa Mabwawani

Asidi iko chini, kwenye maji yanayodondoka. Hewa inatokea juu ambako vibonge bado ni vya kahawia. Na amini zinatoka shimoni peke yake? Nadhani nyingi zinatoka kwenye masufuria ya kupikia, hazipiti hata kwenye pipa.

#15 Mchundo wa Mbagala

Kweli, mvuke wa kupikia unatoka kwa bomba lake.

#16 Jirani wa Mtoni

Nimesoma hadi hapa na moyo unaniuma, maana nadhani nakijua hicho kiwanda. Kwenu harufu imepungua tangu mwezi wa tatu. Kwetu Mtoni imeanza mwezi wa nne.

Ndugu zangu, mwezi wa tatu ni kaskazi, upepo unawapelekea watu wa Rangi Tatu. Mwezi wa nne kusi kinaingia, upepo unageuka na kuja kwetu. Waliokuwa wanalalamika sasa wamenyamaza kwa sababu ya kusi. Mimi sibishani na kemia ya mtu, ila subirini Desemba upepo urudi ndipo mseme tope limefanya kazi. Mwanangu ana pumu, nafunga madirisha usiku wa joto hili.

#17 Mchundo wa Mbagala

Pole sana jirani. Ila mimi niko ndani ya uzio kila siku, pale shimoni upepo hauna sehemu ya kujificha, na harufu imepungua. Ukipenda niandikie pembeni, nikuunganishe na msimamizi uje uone.

#18 Mkaazi wa Tabata

Jirani #16, usichoke kudai. Wakazi wa Tabata walifungua kesi dhidi ya Halmashauri ya Jiji kuhusu moshi na harufu ya dampo, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawa upande wao. Katika kesi hiyo jaji alisimamia hata Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikuwa haijazaliwa. Leo una sheria na una NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali.

#19 Fundi Boila

Naona swali la pili la mleta mada limesahaulika, na kwangu ndilo kubwa. Moshi.

Nimehudumia maboila Chang'ombe, Keko hadi Ubungo. Mkuu, nakuheshimu, lakini tope kwenye bomba la moshi halitakwenda, na nakueleza kwa nini.

Moshi mweusi unaouona ni masizi, chembe za kaboni ambayo haikuungua vizuri. Hiyo si gesi ya kunaswa na hidroksidi. Jaza vibonge kwenye bomba la moshi, masizi yataziba vitundu mara moja, boila itakosa pumzi na moshi utazidi. Dawa ya masizi ni kurekebisha bana (kichomeo cha boila) na hewa ya mwako, kubadilisha nozeli iliyochoka, na kwa wanaochoma makaa ya mawe au pumba, kufunga saikloni (chombo kinachozungusha moshi ili vumbi lidondoke) au mifuko ya kuchuja vumbi. Mara nyingi nimekuta bana haijaguswa tangu ifungwe, na mwenye kiwanda anauliza bei ya mtambo wa kusafisha moshi!

Pili kuna salfa daioksaidi, hasa kwa wanaochoma mafuta mazito. Hiyo ni asidi, inataka kitu cha chokaa. Kule nje kuna mitambo inayolainisha maji magumu kwa chokaa, na tope lake ni kalisi kaboneti karibu tupu. Marekani, jimbo la Iowa, walilitafiti tope hilo kama mbadala wa mawe ya chokaa ya kusafishia moshi wa mitambo ya umeme. Hilo nalikubali, kemia inakaa: salfa inashikwa, unapata jasi. London walisafisha moshi wa mtambo wa umeme wa Battersea kwa chokaa na maji ya Thames tangu miaka ya 1930. Lakini hilo ni tope la aina nyingine. Mitambo ya mto kama Ruvu kazi yake kubwa ni kutoa uchafu, si kulainisha maji. Tope lake halina chokaa ya kutosha.

Na ukitaka chokaa Dar, una Wazo Hill. Kwa nini usombe tope kilomita 60 kutoka mtambo wa maji wa Mlandizi wakati mlima wa mawe ya chokaa uko Tegeta?

Tena viwanda vilivyounganishwa na gesi asilia ya Songosongo, tangu 2004 ilipofika mjini, havina salfa ya kuzungumzia.

#20 Mchundo wa Mbagala

#19 nimekusoma. Lakini mawe ya Tegeta yanachimbwa kwa baruti na kusagwa kwa umeme, tope lipo tayari limelala. Hata likifanya nusu ya kazi si faida?

#21 Fundi Boila

Limelala na maji. Tope likitoka kwenye tangi la kutuamishia ni maji karibu lote, yabisi ni asilimia chache tu. Ulipata lililokauka juani kwa hisani ya kiangazi. Ukihitaji tani nyingi kila wiki, masika utalikaushia wapi? Ukilikausha kwa moto umeongeza moshi uleule unaoukimbia.

#22 Injinia Mstaafu

Fundi yuko sahihi kuhusu moshi. Ila asiue wazo zima. Mji huu una machinjio, mabwawa ya majitaka, viwanda vya ngozi, pombe na samaki, visima vya pampu. Vyote vinatoa gesi baridi, yenye unyevu, yenye salfaidi. Huko ndiko tope linakofaa. Kiasi kinachotakiwa ni mapipa, si malori, na Fuso moja linatosha muda mrefu.

#23 Kuku Biashara

Samahani kuingilia. Nina kuku wa nyama Kimara, amonia ya banda inawachoma macho. Nasikia wafugaji wa nje wanamwaga shabu kwenye maranda. Naweza kutumia hili tope badala yake?

#24 Dada wa Maabara

Shabu yenyewe ndiyo inafanya hivyo kwa sababu ina asidi, inaigeuza amonia isiruke. Tope la mtambo asidi yake imeshatumika majini, imebaki hidroksidi. Kwa amonia usilitegemee. Punguza unyevu wa maranda kwanza, kagua vinywesheo vinavyovuja.

#25 Pwani Raha

Bibi yangu Kibaha alikuwa anazungusha kipande cha shabu kwenye ndoo ya maji ya mto, akikosa anasaga mbegu za mlonge. Lile tope la chini ya ndoo alikuwa anamwagia migomba. Vizee hivi vilijua mambo.

#26 Mpiga Kasia

Na vinyozi wa Kariakoo wanakupaka shabu baada ya kunyoa. Kumbe tunatembea na kiwanda cha maji kidevuni 😂

#27 Mama Nasra

Turudi kwenye mada jamani. Hili tope halina sumu? Maji yanatiwa klorini.

#28 Injinia Mstaafu

Mama, klorini kwa kawaida inatiwa mwishoni, tope likiwa limeshabaki nyuma. Hata pale inapotiwa mwanzoni, haidumu kwenye tope lililokauka. Wasiwasi wangu ni metali nzito ambazo mto unaweza kuwa umezibeba. Sampuli moja ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kusambaza. Na likishatumika kwenye pipa si tope la maji tena, ni taka ya kiwanda yenye salfa. Lisirudi shambani wala mtoni bila kuuliza NEMC.

#29 Chura wa Vingunguti

Mimi natapisha vyoo, kazi yangu ni hii. Nimemzika mwenzangu aliyeingia shimoni akiwa mzima, hakutoka. Naomba jambo moja kwa wote watakaoiga pipa hili: siku ya kubadilisha tope au kuziba bomba mtu asiingie shimoni hivihivi, hata kama hasikii harufu. Mfuniko uachwe wazi, feni ya kuingiza hewa iwashwe, kamba iwe mwilini na mtu wa juu awepo. Akianguka mmoja, wa pili asimfuate.

Swali langu: choo cha shimo cha kawaida, nikiweka kopo la tope kwenye bomba la hewa bila feni, litafanya kazi?

#30 Mjukuu wa Mabwawani

Pole kwa msiba, kaka. Bila feni hewa haitapenya, itatafuta njia kwenye tundu la choo na harufu itaingia ndani. Bomba la hewa liache wazi lifanye kazi yake.

#31 Fundi Feni

Nimekuja nimechelewa. Mmegawana chuma, aluminiamu, bakteria na kusi. Kuna mtu amemuuliza Mchundo kuhusu mfuniko?

Kabla ya pipa, gesi ilikuwa inatokea wapi? Kwenye nyufa za mfuniko, chini, usawa wa miguu, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa. Baada ya pipa kuna feni inayovuta. Shimo linanyonya hewa kupitia nyufa badala ya kuitema. Hata pipa likiwa tupu harufu pale mlinzi anapokaa ingepungua! Na kama bomba la kutolea liko juu, upepo unaichukua gesi na kuipeleka kwa jirani #16.

#32 Mchundo wa Mbagala

Mfuniko tuliuziba kwa lami wiki ileile tuliyofunga pipa. Bomba la kutolea linapita juu ya paa la stoo.

#33 Jirani wa Mtoni

Mmesikia? Juu ya paa.

#34 Dada wa Maabara

Lakini weusi hautokani na feni. Kuna kiasi fulani cha gesi kinabaki ndani ya vibonge, hilo halina ubishi. Swali ni kiasi gani.

Mchundo, fanyeni hivi. Pipa la pili, ukubwa uleule, lijazwe kokoto za kawaida zilizooshwa. Gawa bomba mara mbili, hewa ile ile ipite kwenye mapipa yote. Karatasi za asiteti kabla na baada ya kila pipa. Litimasi, karatasi ya kupima asidi, kwa maji yanayodondoka. Kokoto zikikata harufu sawa na tope, Fundi Feni kashinda. Zikianza vibaya kisha zikafanikiwa, ni bakteria.

#35 Injinia Mstaafu

Ongeza la tatu lenye tope lililochemshwa, bakteria wafe. Hapo mimi na kijana wa mabwawani tutajuana.

#36 Mjukuu wa Mabwawani

Mzee, wakifa leo, hewa ya shimo itawaleta wengine. Pimeni siku za mwanzo.

#37 Mchundo wa Mbagala

Bosi amekubali mapipa mawili, la tatu nitaliomba. Jirani wa Mtoni nimepata ujumbe wako, njoo Jumamosi asubuhi kabla hatujawasha jiko, ingia na karatasi zako mwenyewe uziweke kule kwenu pia. Wanaojua duka la Kariakoo lenye litimasi ya rejareja wanielekeze.

#38 Mpiga Kasia

Uliza maduka ya vifaa vya shule, wanaouza za maabara za sekondari.